Jicho Lililokwisha Kusikia

Fomu ya yule kijana ilikuwa ya nne kutoka juu. Naikumbuka kwa sababu niliichomoa kwa mkono wangu mwenyewe nikaipeleka chini ya fungu, na ukurasa wake wa pili sikuufungua. Ilikuwa 2015. Nilikuwa meneja wa nyumba ya wageni huku Shela, kisiwani Lamu, vyumba tisa, wafanyakazi kumi na wanne, na tulikuwa tunatafuta mtu wa mapokezi. Kijana alikuwa wa Mpeketoni, mji wa upande wa bara, jina lake la Kikuyu, ana cheti cha kazi za hoteli na barua nzuri kutoka alikofanya kazi awali. Mwenye nyumba aliponipigia simu kuuliza maombi yamefika wapi, nilimsomea majina, na nilipofika kwake nikasema: "Huyu hatazoea huku."

Maneno matatu. Yalinitoka kama mtu anavyoitikia salamu. Mwenye nyumba akasema sawa, wewe ndiye unayeujua mji wako. Tukaendelea na jina lililofuata.

Sikumchukia kijana yule. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 kule Mpeketoni, yaliyoua watu zaidi ya sitini, tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, wageni wakakauka, na kila upande ukawa unautazama upande wa pili kwa jicho la pembeni. Hofu ile ilinikaa. Lakini nikisema ilikuwa hofu peke yake nitakuwa nadanganya. Tangu nikiwa mtoto katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu, nilikuwa nikisikia kwamba watu wa Mpeketoni, waliokuja na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970, ni watu wa shamba na biashara, wana haraka, hawajui kukaa na mtu. Nilikua na maneno hayo kama nilivyokua na adhana na milio ya punda. Kijana hakukaa mbele yangu hata dakika moja, nami nilikuwa nimeshamaliza mazungumzo naye.

Niliyemwajiri alikuwa binti wa mtaani kwetu, na kazi aliifanya vizuri sana. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa kila ninapolisimulia jambo hili watu hungoja niseme kwamba aliharibu nami nikajuta. Hakuharibu. Ndiyo sababu ilinichukua miaka miwili kujua kwamba siku ile palikuwa na kosa. Aliyeingia unamwona kila asubuhi akifungua daftari la wageni. Aliyefungiwa nje humwoni tena, kwa hiyo hakuna cha kukusuta.

Na uchungu wa kufungiwa nje nilikuwa naujua. Miaka saba kabla ya hapo, nikiwa mtandika vitanda katika nyumba nyingine, niliomba kuhamishiwa mapokezi. Kiingereza changu kilikuwa safi, na hesabu za bili nilikuwa nazisaidia kila mwisho wa mwezi. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, kisha akaniambia kwamba wageni wamekuja likizo na buibui litawafanya wahisi wanachungwa. Nikikubali kukaa pale bila buibui, nafasi ni yangu. Wageni hao hao ndio waliokuwa wakinisimamisha ushorobani kuniuliza kanga inafungwaje na samaki mzuri wanunue wapi. Nilirudi kwenye mashuka, nikayakunja miaka miwili zaidi.

Katiba mpya ilipopitishwa 2010 niliipata nakala ya Kiswahili, nikaisoma Ibara ya 27 nikiwa nimesimama dukani. Inakataza kumbagua mtu, na inataja kwa majina: rangi, jinsia, ujauzito, asili ya kabila, umri, ulemavu, dini, lugha. Nilipolifikia neno "mavazi" nilisimama kusoma. Halikuwa jambo langu tu, kumbe. Kuna watu waliketi wakaliandika.

Sasa mtu aliyechomwa hivyo anawezaje kumchoma mwenziwe? Nimeulizwa sana, na jibu nililonalo ni hili: kidonda kilinifundisha kuutambua upendeleo unaonijia mimi. Ule unaotoka kwangu una sauti yangu mwenyewe, na nikiisikia naiona ni akili ya kawaida, uzoefu, kuujua mji.

Aliyenifungua macho hakuniambia lolote kati ya haya. Mwaka 2017 mwenye nyumba aliona wafanyakazi wamegawanyika. Wakati wa chakula cha mchana wenyeji walikaa barazani, wale wa bara wakakaa nyuma karibu na tangi la maji, na mtu akiumwa kila upande unaficha habari za mtu wake. Akanilipia vikao sita na kocha wa uongozi, mama mmoja wa Mombasa. Vikao vinne vilikuwa vya simu, viwili alikuja mwenyewe. Nilimngoja nikidhani atanipa mbinu za kuwapatanisha hawa na hawa.

Siku ya kwanza aliyofika aliniomba nitoe fomu za maombi ya kazi za miaka mitatu. Nikazileta ndani ya boksi la maji ya chupa. Akasema: "Zitandaze mkekani. Uliowaajiri huku, uliowaacha kule." Nikatandaza. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, upepo wa kusi unaingia, na karatasi nilizigandamiza kwa makombe ya bahari ili zisiruke. Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu hata nikaanza kusoma yale majina moja moja kwa kukosa la kufanya, na hapo ndipo nilipoona. Upande wa kulia karibu wote walikuwa watu wa mitaa mitatu. Ningeweza kuwataja mama zao.

Akaokota fomu moja ya upande wa kushoto, na ikawa ni ile ya Mpeketoni. "Huyu uliona nini?"

Nikasema niliona hatazoea.

"Hilo umeliona kwenye karatasi, au ulikuwa nalo kabla karatasi haijaja?"

Nilitaka kujibu na jibu halikuja. Nikafungua ukurasa wa pili kwa mara ya kwanza. Pameandikwa kwa kalamu ya buluu kwamba amesoma msingi na sekondari katika kaunti hii hii ya Lamu, na kwamba anaongea Kiswahili, Kikuyu, Kiingereza na Kifaransa kidogo. Nilikuwa nimemkatalia kwamba hatazoea mahali alipokulia.

Swali lile nimelibeba tangu siku hiyo. Baadaye nilisomea ukocha, nikaacha umeneja, na sasa kazi yangu ni kukaa na wasimamizi wa hoteli, maofisa, mafundi wakuu na wakuu wa idara, mmoja mmoja, tukizungumza jinsi wanavyochagua watu, wanavyowapandisha, wanavyowakaripia. Zaidi ya nusu ya kazi ni lile swali moja kwa sura mbalimbali. Uliona nini, na ulijua nini kabla ya kuona.

Niseme kidogo juu ya maneno, kwa sababu lugha yenyewe ilinipa taabu. Ukimwambia mtu "ubaguzi" anafikiria makaburu wa Afrika Kusini, anajitazama, anaona hayumo. Ukimwambia "upendeleo" anafikiria mtu aliyempa shemeji yake tenda, na hapo pia hayumo, kwa kuwa hajala hela ya mtu. Jambo ninalolizungumza linakaa katikati, halina uovu wa kuonekana, ni jicho lililokwisha kusikia kabla halijaona. Siku hizi nasema hivyo hivyo, "jicho limekwisha kusikia", na watu hunielewa bila kukasirika.

Kukasirika nimekuona. Mtu wangu wa kwanza kabisa alikuwa msimamizi wa mafundi wa ujenzi, mtu mzima, anayeheshimika. Kikao cha pili alinieleza kwa nini hawapi vijana wa Kigiriama kazi ya kuchonga plasta, anawaweka kwenye zege tu. Nami, kwa uchanga wa kazi na kwa moto niliokuwa nao, nikamwambia: "Bwana, huo ni ubaguzi." Akaweka kikombe chini. Akaniaga kwa adabu zote, akasema shukrani, na hakurudi tena. Vijana wale wakabaki kwenye zege. Mimi nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu haikuwasaidia hata kwa kijiko kimoja cha chokaa. Hilo bado linaniuma kuliko fomu ya Mpeketoni, kwa sababu safari hii nilikuwa najua.

Baadaye niliposoma kazi za wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliofuatilia mamia ya kampuni za Marekani kwa miaka mingi, nilikuta jambo lile lile kwa kipimo kikubwa. Mafunzo ya lazima, yale ya kuwakusanya mameneja na kuwaambia msibague, hayakuongeza watu waliokuwa wameachwa nyuma katika ngazi za juu. Pengine idadi ilishuka. Mtu akisukumwa hujitia nguvu asianguke upande anaosukumiwa. Yaliyosaidia ni ya hiari, na yale yanayomkutanisha meneja na mtu mmoja aliye hai wa kumlea kazini. Mei 29, 2018, Starbucks, kampuni ya maduka ya kahawa, walifunga maduka yao zaidi ya 8,000 Marekani mchana mmoja kwa mafunzo ya namna hii, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa katika duka lao Philadelphia walipokuwa wanamsubiri mwenzao. Nawapa haki yao, ni gharama kubwa na ni ishara. Lakini mtu hajengi jicho lake kwa mchana mmoja, na mchana mmoja haulibomoi.

Huku kwetu kuna pingamizi jingine, nalo nimelikuta karibu kila mahali: kwamba haya ni mambo ya wazungu. Mzee mmoja aliniambia mbele ya watu ishirini kwamba sisi Waamu tuna methali yetu, zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwamba kumwajiri umjuaye ni hekima ya wazee. Nilimheshimu, nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya Riyadha, msikiti wetu wa hapa Lamu.

Kila mtu mle ndani alikuwa amekwenda Maulidi ya mfungo sita. Kila mmoja anajua kwamba Habib Swaleh alitoka Ngazija, akaja Lamu mgeni, na kwamba alikaa na kuwasomesha watu ambao wenye mji wa wakati ule hawakuona wanastahili kusomeshwa, waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, na wageni waliokuja kutafuta maisha. Waungwana wa Mkomani, mtaa wa wenye mji, walinung'unika. Leo watu hutoka Zanzibar, Ngazija, Mombasa na kwingineko kuja kuzuru msikiti uliosimama Langoni, upande wa mji uliokuwa wa wanyonge. "Mzee wangu," nikasema, "mambo haya tuliyaanza sisi kabla sijazaliwa. Tumeyaacha njiani tu." Mzee hakujibu, lakini kikao kilipokwisha aliniuliza habari za baba yangu, na hiyo kwetu ni heshima.

Sitaki nieleweke kwamba kila anayesema "wabara wamejaa" anaropoka. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya ujenzi, na vijana wetu walikaa kwenye majabali wakitazama mabasi yakileta wafanyakazi. Wavuvi walipoteza maji yao. Kuna watu wanaosubiri hatimiliki za ardhi tangu babu. Ukija na mada ya mchanganyiko wa watu kazini bila kuyataja hayo, watu hukuona unataka wagawane kidogo walichobakiwa nacho. Kwa hiyo mimi huanza na jeraha. Nauliza, lini wewe uliachwa kwa sababu ya ulikotoka? Kila mtu ana siku yake. Mtu wa Faza ana yake, mtu wa Witu ana yake, Mbajuni aliyekwenda Nairobi kutafuta kitambulisho akaambiwa athibitishe kwamba ni Mkenya ana yake, na anaisimulia kana kwamba ilikuwa jana. Baada ya hapo ndipo naweza kuuliza ni nani anayesimulia siku kama hiyo na sisi tumo ndani yake.

Sheria ipo, na mimi huwaeleza waajiri bila kuwatisha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu tangu kwenye kuajiri, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Kwa taasisi za umma, sheria ya uwiano ya 2008 imesema kabila moja lisizidi thuluthi moja ya wafanyakazi, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi pale kaunti. Hesabu hizo zinamfikisha mtu mlangoni. Akishaingia, nani anaoshishwa masufuria na nani anakabidhiwa funguo, hapo ofisa wa kazi hafiki.

Kwenye mlango wenyewe kuna jambo moja rahisi ninalolidai kwa nguvu: fomu zisomwe majina yakiwa yamefunikwa. Wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walipeleka maombi ya kazi karibu 5,000 Boston na Chicago, wakachapisha matokeo 2004. Maombi ni yale yale, majina tu yamebadilishwa. Yenye majina yanayosikika ya kizungu yalipata simu moja kwa kila maombi kama 10. Yenye majina yanayosikika ya Waamerika weusi, moja kwa kila 15. Hapa petu jina linasema zaidi ya huko. Ukisikia Kamau, Karisa, Hiribae, Maulidi, Odhiambo, umeshajua kabila, dini, na unadhani umejua hata anavyokula. Kwa hiyo nawaambia, bandikeni karatasi juu ya jina, andikeni maswali matano kabla hamjamwita mtu, na kila mtu aulizwe hayo hayo kwa mpango huo huo. Katika nyumba moja walifanya hivyo kwa nafasi ya mtunza stoo. Walipobandua karatasi, msimamizi alikaa kimya, kisha akasema, "Huyu nisingemwita." Nilimwomba aliandike neno hilo kwenye daftari lake, na tarehe.

Jambo jingine ambalo waajiri hawalipendi: siwaletei maneno. Anayelipa ni mwajiri, anayezungumza ni mfanyakazi wake, na tangu mwanzo tunakaa watatu tukakubaliana kwamba nitakachosema nje ni idadi ya vikao tu na lengo tulilokubaliana. Mmoja alinishika mkono gatini akitaka kujua fulani kasema nini juu ya Wakristo. Nilikataa, akakata mkataba. Lau ningemjibu, habari ingezunguka Lamu nzima kabla ya alasiri, na hakuna mtu angenifungulia kinywa tena.

Na sasa nimwendee Ami.

Simtaji jina, namwita Ami kama kila mtu anavyomwita. Ni mpishi mkuu wa hoteli moja, anapika tangu ujana wake, na wali wake wa nazi umewapa watu sababu ya kurudi Lamu. Jikoni mwake kulikuwa na msaidizi, kijana wa Kipokomo kutoka vijiji vya Mto Tana upande wa Garsen. Alikuwa amekaa miezi kumi na minne akimenya vitunguu, akikuna nazi, akisafisha samaki. Wawili waliokuja baada yake, wa hapa mjini, walishafika kwenye moto. Yeye alikuwa bado yuko kwenye mbuzi ya nazi. Meneja alimwomba Ami azungumze nami, na Ami alikubali kwa kuwa aliwahi kufanya kazi na marehemu mjomba wangu.

Tulikaa juu darini, jua likizama upande wa bara. Alinieleza kazi yake kwa mapenzi makubwa, nami nilimwacha aeleze kwa sababu kupenda kwake kazi ndiko kulikokuwa mlango. Akaniambia mchele unavyochaguliwa punje kwa punje, unavyooshwa mpaka maji yatoke safi. Tui la pili, lile jepesi, ndilo linalotangulia sufuriani na chumvi yake. Mchele unaingia likichemka. Ukianza kukauka ndipo unaliteremsha tui zito, unageuza mara moja tu, unafunika, unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. "Mkono wa mpishi," akasema, "unajulikana kwenye ukoko." Ukoko ukitoka mzima, rangi ya dhahabu, bila kuungua, basi huyo amepika.

Nikauliza: na yule kijana, ukoko wake ukoje?

Akacheka. "Mwanangu, Mpokomo na wali wa nazi wapi na wapi?"

Nilijua nina la kusema. Nilijua kwamba Wapokomo wamelima mpunga kwenye mafuriko ya Tana vizazi kwa vizazi, na kwamba mchele umepikwa katika vyungu vyao muda mrefu sana. Neno lilinifika kwenye ulimi. Lakini nilimkumbuka yule msimamizi wa mafundi akiweka kikombe chini, nikalimeza.

Nikamuuliza tu: "Ami, wali wake uliuonja lini mara ya mwisho?"

Adhana ya magharibi ikaanza, kwanza msikiti wa karibu, kisha mingine ikafuatana mpaka mji mzima. Ami alikuwa ameshika tasbihi, kidole gumba kimesimama juu ya punje moja. Hakuisogeza. Nami sikumsaidia. Katika kazi hii hakuna jambo gumu kuliko kutomsaidia mtu wakati kama huo, hasa ukimpenda.

"Siyaonda," akasema mwisho, kwa Kiamu chake, taratibu. Hajauonja. Miezi kumi na minne.

Akainuka kwenda kuswali, nami nikabaki na vikombe. Sikujua kama atarudi kwenye kikao kijacho.

Alirudi. Alikuwa ametafakari, na alikuja na maneno yake mwenyewe, ambayo mimi nisingeweza kumpa. Alisema kwamba alipofika jikoni kwa mara ya kwanza, kijana wa miaka kumi na sita kutoka kisiwa cha Pate, mpishi wa wakati huo alimwambia watu wa Pate wanajua tumbaku tu, akamkalisha kwenye masufuria mwaka mzima. "Nilimchukia mtu yule," akasema. "Na maneno yake nimeyarithi." Nilimuuliza anataka nini, akasema anataka kuonja. Nikamuuliza lini. Akataja Alhamisi, kwa kuwa hoteli inakuwa na wageni wachache.

Alhamisi hiyo sikuwepo. Nilisimuliwa na kijana mwenyewe, nikiwa nimekutana naye gatini akipokea mboga za kutoka Mokowe. Ami alimwita mbele ya wote, akampa mwiko, akatoka nje akakaa kwenye ngazi akiupa moto mgongo, ili asimtazame. Wali ulipoiva alikuja na sahani, akala tonge moja, akaligeuza sufuria mwenyewe. Ukoko ulitoka vipande vitatu. Akasema, "Moto wa chini ulikuwa mwingi. Kesho utapunguza." Kijana aliniambia alilirudia neno "kesho" njia nzima alipokuwa anakwenda chumbani kwake usiku ule.

Hivi sasa wali wa Ijumaa ni wake. Wale wasaidizi wawili wengine walinuna kidogo, kisha wakazoea, na mmoja amemfundisha kupika mkate wa mofa. Yule wa Mpeketoni sijampata. Nilimpigia kwa namba iliyo kwenye fomu, 2017 na tena mwaka jana, haipatikani. Fomu yake ninayo, na watu ninaowafundisha kazi hii ndiyo ya kwanza ninayowapa waisome, jina likiwa limefunikwa, nikiwaambia waanzie ukurasa wa pili.

Biriani Ami hajampa bado. Biriani ndiyo inayokwenda kwenye harusi na ndiyo inayompa mpishi jina mjini. Juzi nilimuuliza ni nini hasa anachongoja, ni kitu alichokiona kwenye mkono wa kijana au kuna neno jingine. Alinitazama kwa muda, akaivuta tasbihi punje mbili, akasema nimpe mpaka Jumanne atanijibu.